Kiwambo cha kwanza kiwe kidogo

Mnunuzi mgeni akiingia kwenye duka la bunduki la Kentucky au Tennessee na kuuliza anunue kiwambo gani cha sauti kwa mara ya kwanza, jibu atakalopewa limekwisha kuwa kama salamu: nunua kikubwa, cha kaliba ya .30, kitavaliwa na bunduki zote ulizo nazo na utakazokuja kuwa nazo. Ushauri huu ulikuwa na akili yake. Kwa zaidi ya miaka 90 serikali ya Marekani ilitoza kodi ya dola 200 kwa kila kiwambo, kiwe cha bei kubwa au ndogo, kwa hiyo mtu wa mshahara wa kawaida alifanya vema kulipa mara moja na kupata kimoja cha kazi zote. Tangu Januari 1, 2026, kodi hiyo ni sifuri. Sababu imeondoka, ushauri umebaki pale pale. Mimi nasema nao uondoke, hasa kwa anayewinda kindi na sungura.

Msomaji wa Morogoro au Eldoret atauliza mambo haya yanamhusu nini. Yanamhusu ndugu yake. Katika mji wa Lexington, Kentucky, Kiswahili husikika madarasani, makanisani na kwenye foleni za ofisi za serikali, kwa kuwa Wakongo wengi waliokimbia vita vya mashariki mwa nchi yao walipewa makazi huko. Watoto wao wamekua pamoja na watoto wa Kentucky, na mtoto wa Kentucky huanzia uwindaji kwa kindi, mwezi Agosti, majani yangali mabichi, chini ya miti ya hikori. Baba aliyetoka Kivu, ambaye bunduki ameizoea mikononi mwa wanamgambo, siku moja anaombwa ruhusa na mwanawe aende msituni na rafiki wa shule. Likipita la bunduki, linakuja la kiwambo. Heri alisikie kwa lugha yake kabla ya kulisikia dukani.

Tuanze na uongo wa sinema. Sisi tuliokua na riwaya za kijasusi, kizazi cha Willy Gamba wa Elvis Musiba, na baada yake kanda za video za kukodi, tulikijua kiwambo kama kifaa cha muuaji: mtu anaanguka chumbani, na mlinzi aliye mlangoni hajasikia kitu. Maisha hayako hivyo. Bunduki ikilia hutoa sauti mbili tofauti. Ya kwanza ni ya hewa ya moto inayofumuka mdomoni mwa mtutu baada ya baruti kuungua. Ya pili ni mpasuko wa risasi yenyewe, ikiwa inakwenda kasi kuliko sauti, na mpasuko huo huambatana nayo njia nzima. Kiwambo kinaiweza ile ya kwanza tu. Huipa hewa nafasi ya kupanuka na kupoa ndani ya bomba lenye visahani kabla haijatoka nje, kama sailensa ya pikipiki inavyofanya kwa moshi wa injini. Ile ya pili hakiigusi, maana wakati huo risasi imeshaondoka zake.

Kwa kawaida kiwambo huondoa desibeli 20 hadi 35. Bunduki ya .308, inayopendwa kwa paa, hupita desibeli 160 inapolia. Ikivikwa kiwambo kizuri hushuka hadi karibu 135 au 140, na hiyo 140 ndiyo wataalamu wa afya kazini huitaja kuwa mpaka wa hatari kwa mlio wa ghafla. Yaani bunduki inayodaiwa kunyamazishwa imefika tu mahali ambapo haiharibu sikio papo hapo. Bunduki ndogo ya .22 ni habari nyingine. Bila kiwambo iko kati ya desibeli 130 na 140. Kwa kiwambo na risasi za mwendo wa polepole inashuka hadi karibu 115, na mwindaji husikia waziwazi pini ikigonga na risasi ikipiga gome la mti. Hapa ndipo kifaa hiki kinapotoa thamani yote ya fedha yake, na ndipo duka linapomwambia mgeni asianzie.

Masikio yenyewe hayana vipuri. Zile nywele ndogo za sikio la ndani zikifa hazioti tena, na mzee aliyewinda tangu utoto bila kinga huishia na mlio usiokoma kichwani. Mtu atasema avae vizibo. Avae, ndiyo, na hata mwenye kiwambo ni vizuri avae anapofanya mazoezi ya shabaha. Lakini mwindaji wa kindi huwinda kwa masikio kuliko kwa macho: anasikiliza maganda ya njugu za hikori yakidondoka, tawi likitikisika, sauti ya kukaripia kutoka juu. Ndiyo sababu wengi huwa hawavai kitu msituni, na ndiyo sababu nakiona kiwambo kuwa kifaa cha afya kwanza, na mengine baadaye.

Historia yake ni ya baba na mwana, na baba tunamfahamu bila kupenda. Hiram Stevens Maxim ndiye aliyebuni, mwaka 1884, bombomu lililopewa jina lake. Stanley alilipitisha Kongo mwaka 1887 akiwa na wapagazi wa Zanzibar, na kwa mitambo ya namna hiyo Wajerumani waliwafyeka wapiganaji wa Maji Maji pale Mahenge mwaka 1905. Maxim alifariki mwaka 1916, akiwa amepoteza sehemu kubwa ya usikivu wake kwa kukaa karibu na mitambo yake mwenyewe. Mwanawe, Hiram Percy Maxim, alikuwa mhandisi wa magari. Mwaka 1909 alipata hataza ya kiwambo cha bunduki, na maarifa yaleyale akayatumia kwenye sailensa za injini. Alikitangaza kwa wawindaji na walenga shabaha, na kiliuzwa hata kwa njia ya posta, bila maswali.

Maswali yalikuja mwaka 1934. Bunge la Marekani lilitunga sheria iliyolenga bunduki za rashasha za magenge ya majambazi, kiwambo kikaingizwa humo, na kumbukumbu za mjadala hazitoi maelezo ya maana kwa nini. Kodi ya dola 200 ilikuwa mara nyingi ya bei ya kifaa chenyewe, na nia ilikuwa kuzuia kwa jina la kutoza. Kiasi hicho hakikupandishwa hata mara moja, kwa hiyo kila muongo kiliuma kidogo zaidi, mpaka sheria ya bajeti iliyotiwa saini Julai 4, 2025 ilipokifuta kwa viwambo. Usajili haukufutwa. Picha, alama za vidole, fomu ya serikali kuu na uchunguzi wa mnunuzi vyote vipo, na kifaa hukaa kwa muuzaji mwenye leseni hadi kibali kitoke. Zamani kibali kilichukua karibu mwaka mzima. Fomu zilipohamia kwenye mtandao na kazi ikachangamka, kuanzia mwaka 2024 wengine walikipata kwa siku chache. Naona hapo Wamarekani wamefika mahali pazuri. Kodi haikumzuia tajiri hata siku moja. Jina kwenye daftari la serikali ndilo linalomfanya mtu afikiri mara mbili.

Sasa turudi dukani. Kiwambo cha .30 kina sifa zake na sizikatai. Kinavumilia joto na shinikizo la bunduki za paa, na kinaweza kuvaliwa na kaliba ndogo kuliko yake, .243 au .223, kwa kupoteza utulivu kidogo tu. Mtu mwenye bunduki moja ya paa na asiye na habari na kindi, akinunue hicho, safari njema. Lakini kwa mwindaji wa wanyama wadogo kina kasoro tatu, na ya kwanza inatosha kumaliza ubishi. Risasi ya .22 ni chafu. Kwa kawaida ni ya madini ya risasi matupu yaliyopakwa nta, haina koti la shaba, na kila mlio huacha ndani ya kiwambo mabaki ya madini ya risasi, nta na masizi. Viwambo vingi vya .30 vimechomelewa, havifunguki. Ukikifyatulia .22 mwaka mmoja, umekijaza uchafu usio na pa kutokea, na uzito wake unaongezeka bila wewe kujua kwa nini.

Ya pili ni uzito. Kiwambo cha .22 cha alumini au titani kina gramu 100 hadi 200. Cha .30 cha titani mara nyingi hufika gramu 300 na zaidi, na cha chuma kinaweza kufika nusu kilo au kupita. Nusu kilo hiyo iko mwisho wa mtutu, mahali pabaya kuliko pote, na kijana wa miaka 14 aliyenyanyua bunduki kuelekea matawini kwa dakika moja akimngoja kindi ajitokeze ataisikia mabegani. Ya tatu ni bei. Cha .22 kizuri hupatikana kwa dola 200 hadi 500, na cha .30 kizuri huanzia mara mbili ya hapo. Zamani dola 200 za kodi juu ya kiwambo cha dola 250 zilionekana dhihaka, na watu wakakimbilia kikubwa ili kodi ionekane ndogo. Hesabu hiyo imekufa, lakini wauzaji bado wanaifanya. Sishangai, kwani kikubwa ndicho chenye faida kubwa.

Kosa la hatari liko upande mwingine. Kiwambo cha .22 kisivikwe kamwe bunduki ya paa, hata kama hesi zinaingiana. Na zinaingiana: bunduki nyingi za .22 na nyingi za .223 za Marekani hutumia hesi za kipimo kimoja, nusu inchi kwa nyuzi 28. Shinikizo la .223 litakipasua kiwambo cha .22 karibu na uso wa mfyatuaji. Kwenye bomba lenyewe huandikwa kimeruhusiwa kaliba zipi, vingi huruhusu .22 Long Rifle, .22 Magnum na .17 HMR. Soma pale, si kwenye maneno ya rafiki.

Bunduki nayo ina neno lake. Ile ya kukoki kwa mkono, kama CZ 457, hutulia vizuri kwa sababu mlango wake unabaki umefungwa mpaka hewa yote itoke mbele. Inayojikoki yenyewe, kama Ruger 10/22 iliyoko sokoni tangu mwaka 1964, hufunguka mapema, na sehemu ya kelele na moshi hutokea pembeni, karibu na shavu. Pia huweza kukwama kwa risasi dhaifu. Kwa kindi ningechukua ya mkono bila kusita. Ulazima wa kukoki humfundisha kijana kuifanya risasi ya kwanza iwe ya uhakika. Mtutu uwe na hesi zilizokatwa kiwandani. Hesi zilizokatwa ovyo na fundi wa mtaani huweka kiwambo upande, risasi inakwaruza visahani na kuvitoboa, na dhamana inakataliwa. Kila ukikifunga, hakikisha kimekaza, kisha ulenge upya kwenye karatasi, maana uzito mwishoni mwa mtutu huhamisha mahali risasi inapopiga.

Wengi hutumia fedha zao zote kwenye kiwambo na kusahau risasi. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde kwenye joto la nyuzi 20, na mita 331 kwenye baridi ya nyuzi sifuri. Risasi za .22 za kasi, zile zinazouzwa kwa wingi na kwa bei ndogo, hutoka kwa mita 380 hivi. Hizo zitapasua hewa hata ukizivisha viwambo vitatu. Risasi za polepole hutoka kwa mita 320 au chini yake, na nazo ndizo hutoa ule utulivu mtu alioulipia. Kati ya hizo mbili kuna risasi za kawaida, zinazopita kimya mwezi Agosti na pengine kuanza kupasua Januari, kwa sababu baridi imeshusha kasi ya sauti nazo hazikupungua kwa kiasi hicho. Mtu asiyejua hili hukilaumu kiwambo. Usishangae pia mlio wa kwanza wa asubuhi ukiwa mkubwa kuliko unaofuata. Ndani ya bomba mlikuwa na oksijeni iliyosaidia hewa ya moto kuungua zaidi.

Risasi ya polepole bado ni risasi. Maboksi ya .22 huonya kwamba inaweza kwenda zaidi ya kilomita mbili. Kindi akiwa juu ya tawi lenye anga nyuma yake, usifyatue. Ngoja ajibanze kwenye shina.

Usafishaji ndio mtihani wa kweli wa mnunuzi. Kiwambo cha .22 kifunguke kwa mkono au kwa kifaa rahisi, visahani vitoke kimoja kimoja, na virudi bila kukosea mpangilio. Kila risasi 300 hadi 500 kifungue. Vaa glavu, fanyia nje au gereji, mbali na jiko na mbali na watoto, kwa sababu unachokwangua ni madini ya risasi. Kuna dawa ya kienyeji inayosifiwa sana, ya kuchanganya siki na haidrojeni peroksaidi. Hung'arisha visahani vya chuma kweli, ila hugeuza risasi kuwa chumvi yenye sumu kali inayopenya ngozi, na alumini huiharibu. Yule anayekusifia kindi wa kukaanga huku ndoo ya mchanganyiko huo iko karibu na sinki, usile kwake.

Kwa wageni kuna jambo zito kuliko yote niliyotaja. Mtandaoni huuzwa vibomba vya bei ya chee kutoka ng'ambo, vikiitwa vifaa vya kusafishia bunduki au vichujio vya mafuta, vinavyobaki kutobolewa tu viwe viwambo. Rahisi ni ghali. Kuwa na kiwambo kisichosajiliwa ni kosa la serikali kuu lenye kifungo cha hadi miaka 10. Kwa asiye raia, kosa la silaha ni sababu ya kufukuzwa nchini hata kama ana kadi ya kijani na amelipa kodi miaka yote. Mmarekani anaweza kumaliza kifungo akarudi nyumbani. Mwenzangu na mimi atateremshwa kwenye ndege Kinshasa au Dar es Salaam. Mkaazi wa kudumu na raia wanaweza kununua kihalali. Aliye na viza ya muda, mwanafunzi au mgeni, asiguse bunduki kabla ya kumwona mwanasheria, kwa kuwa sheria humkataza isipokuwa katika hali chache.

Mipaka nayo iangaliwe. Majimbo 8 yanakataza raia wa kawaida kumiliki kiwambo: California, Delaware, Hawaii, Illinois, Massachusetts, New Jersey, New York na Rhode Island. Mtu wa Paducah akivuka daraja la mto Ohio kuingia Illinois na kiwambo chake halali cha Kentucky kikiwa kwenye buti, ametenda kosa kabla hajashuka garini.

Je, haya yangefaa kwetu? Norway na New Zealand huuza viwambo bila ugumu, na walalamikaji ni wachache. Watu watauliza kwa nini Afrika Mashariki isiwe hivyo. Jibu langu ni kwamba hayafai, na sababu yangu ni ukubwa wa mbuga. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo huko mwindaji halali wa kukihitaji hayupo. Tanzania inao wawindaji wenye leseni, lakini Hifadhi ya Taifa ya Nyerere peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na askari wa doria hutegemea mlio wa bunduki kujua aelekee wapi. Afrika Kusini, ambako viwambo ni rahisi kupata, majangili wa faru katika Kruger wamevitumia kwa muda mrefu ili walinzi wasisikie. Kentucky, bwana wanyamapori anaweza kuyafikia maegesho yote ya msitu wa wilaya yake kwa asubuhi moja. Sheria ya mahali pamoja isibebwe nzima nzima kupelekwa pengine.

Kwa hiyo wewe uliye Lexington, ukija likizo, kiwambo kisiingie kwenye sanduku la zawadi wala kwenye kontena la gari. Kukitoa Marekani bila leseni maalumu ni kosa jingine kubwa. Na kukiacha nyumbani pia kuna utaratibu wake. Kikisajiliwa kwa jina lako peke yako, hata mkeo haruhusiwi kubaki nacho ukiwa mbali. Ama kifungie mahali ambapo ufunguo unao wewe tu, au kabla ya kununua mwombe mwanasheria akuandikie hati ya amana, na jina la mkeo liwemo.